Ua Mbele ya Haragwe

Swali ninalokusudia kulijadili katika kurasa hizi niliulizwa na mama mmoja mkulima, akiwa amesimama na jembe begani kando ya bustani ya wanafunzi wetu hapa Nyundo. Hakuliuliza kwa ukali. Alivitazama vitalu vyetu vya maua, akautazama mto Sebeya unaopita kule chini, kisha akasema kwa sauti ya upole, "Mwalimu, na haya nayo tutayapika?"

Wanafunzi walicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua shamba la mama yule liliishia wapi. Wasomaji walio mbali na huku hawana budi waelezwe kidogo. Nyundo iko kandokando ya barabara itokayo Musanze kwenda Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda. Wengi huijua kwa kanisa lake kuu lililo juu ya kilima, na kwa shule yake ya sanaa iliyoanzishwa mwaka 1952. Sisi tuishio hapa huijua zaidi kwa mto. Sebeya hutelemka kutoka milima ya Gishwati, hupita kwenye bonde letu, na kumwaga maji yake katika Ziwa Kivu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha kwa wingi usio na kifani, mito ikafurika, milima ikaporomoka, na katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini watu zaidi ya 130 wakapoteza maisha. Bonde letu lilikuwa miongoni mwa mahali palipoumizwa. Maji yaliingia nyumbani kwa watu wakiwa usingizini, na kulipopambazuka, pale palipokuwa na maharagwe palikuwa na tope na mawe.

Baada ya miezi kadhaa, wanafunzi wachache, walimu wawili na majirani waliopenda kazi hiyo walikubaliana kukifufua kipande cha ardhi kilichokuwa zamani bustani ya mboga. Hawakutaka kupanda mboga tena. Walitaka kupanda maua na vichaka vitakavyopendeza njia ya watu wote, na vitakavyowapa nyuki na vipepeo chakula. Na kwenye ukingo wapande miti na nyasi za kushika udongo. Kikundi hicho hakina jina rasmi wala muhuri. Niliombwa niwe mlezi wake, nadhani kwa sababu tu nilikuwa mwalimu aliyekuwa akipita pale kila jioni.

Basi mama yule aliponiuliza, nikamjibu kama mwalimu ajibuvyo mbele ya wanafunzi wake, yaani upesi na kwa kujiamini. Nilimwambia kwamba maua huwaita nyuki, na nyuki ndio wachavushao mimea, na pasipo nyuki hakuna chakula. Kwa hiyo haya maua, mama, ndiyo chakula chako cha kesho. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akaenda zake. Nami nilirudi nyumbani nikiwa na fundo moyoni, kwa kuwa nilihisi kwamba sikumwambia kweli.

Tuanze na hilo la kweli, maana ndilo lililonisumbua kwanza. Je, ni kweli kwamba pasipo nyuki hakuna chakula? Tazameni mashamba ya Nyundo yenyewe. Viazi mviringo hupandwa kwa mbegu ya kiazi, wala mkulima hangoji ua lake lizae kitu. Muhogo hupandwa kwa kipande cha mti. Mgomba huzaa ndizi zisizo na mbegu, na huendelea kwa machipukizi. Chai, ambayo mashamba yake ni fahari ya tarafa hizi, huchumwa majani. Haragwe, chakula chetu cha kila siku, aghalabu hujichavusha lenyewe kabla hata ua halijafunguka vema. Mtu akivijumlisha hivi vyote, anaona kwamba sufuria ya mama yule ingeweza kuchemka miaka mingi pasipo nyuki hata mmoja kulipita shamba lake.

Lakini kuna upande wa pili. Boga halipatikani pasipo mdudu wa kubeba chavua kutoka ua dume kwenda ua jike. Marakuja huhitaji nyuki wakubwa weusi, wale watobao mbao za mapaa na kutuudhi. Parachichi huhitaji wadudu. Kahawa ya kando ya Kivu huweza kuzaa kwa chavua yake yenyewe, ila huzidi kuzaa ikitembelewa na nyuki. Wataalamu waliochunguza jambo hili kwa dunia nzima, wakatoa matokeo yao mwaka 2007, waligundua kwamba katika mazao makuu 115 ya chakula, 87 hutegemea wanyama na wadudu wachavushaji kwa kiasi fulani. Lakini walisema pia kwamba ukipima kwa uzito, mazao yasiyowategemea kabisa ndiyo yatoayo asilimia 60 ya chakula cha ulimwengu. Yaani nyuki wakitoweka tutapungukiwa matunda, mbogamboga, mafuta na ladha, na hasara hiyo si ndogo hata kidogo kwa afya ya mtoto. Lakini hatutalala njaa kesho yake, kama nilivyomtisha mama wa watu.

Kwa hiyo nilikuwa nimesema nusu ya kweli ili nishinde hoja. Na jambo baya zaidi, nilikuwa nimekubali bila kujua kipimo alichokuja nacho muulizaji, kwamba kitu hakina haki ya kukaa juu ya ardhi mpaka kithibitishe kwamba kinalika. Nililitetea ua kwa kulivisha kanzu ya haragwe.

Wapo watakaosema kwamba hakuna ubaya katika utetezi wa namna hiyo, maadamu ua linapona. Sina hakika. Pwani ya Kenya, karibu na Gede, ulianzishwa mwaka 1993 mradi uitwao Kipepeo. Wakulima waishio kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao walikuwa na sababu zao za kuuona msitu kama adui wa mashamba, walifundishwa kufuga vipepeo na kuuza mabundo yake ng'ambo, kwenye nyumba za maonyesho. Kipepeo akapata bei, na msitu aliozaliwa humo ukapata thamani machoni pa jirani zake. Ni mradi wenye busara, nami nausifu. Huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Watanzania walifanya kazi ya namna hiyohiyo. Lakini mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, kipepeo wa Amani naye aliingia katika marufuku hayo, na wafugaji wake wakabaki mikono mitupu. Sasa niulize: siku ile bei ilipokatika, je, kipepeo alipungua uzuri? Msitu ulipungua haki ya kusimama? Ikiwa tulimfundisha mtu kuupenda msitu kwa ajili ya fedha peke yake, tutamwambia nini fedha zinapokosekana? Hata methali yetu mashuhuri, ile ya kumfuata nyuki ili ule asali, nimeanza kuisoma kwa mashaka. Haimwoni nyuki kamwe. Huiona njia ya kuifikia asali, basi.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake kuhusu uwezo wa kuamua kilichotoka mwaka 1790, alilitaja ua kama mfano wa uzuri ulio huru. Maoni yake, kwa kifupi, ni kwamba tunapoliita ua zuri hatuulizi lina kazi gani. Akaongeza kwamba hata mtaalamu wa mimea, ajuaye fika kwamba ua ni kiungo cha uzazi cha mmea, haizingatii kazi hiyo pale anapoliona kuwa zuri. Mimi si mwanafalsafa, nina stashahada ya ualimu tu, lakini niliposoma habari hii nilifarijika. Nikaona nimepata jibu la kumpelekea mama: haya hayapikwi, mama, na wala si lazima yapikwe.

Faraja hiyo haikudumu. Kwanza, niliwaza ningewezaje kumwambia maneno hayo mtu aliyepoteza mavuno yake. Uzuri ulio huru, je, si wa yule aliyekwisha shiba? Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13 katika Rwanda, yaani watu 503 kwa kila kilomita ya mraba, watoto na wazee pamoja. Katika nchi ya namna hiyo hakuna ardhi isiyo na mwenye kuitamani. Serikali imehimiza kila nyumba iwe na kibustani cha mboga karibu na jiko, ambacho kwa Kinyarwanda huitwa akarima k'igikoni, ili watoto wasidhoofu kwa utapiamlo. Mtu akipita na kuwaona vijana wenye nguvu wakimwagilia maua, naye ana mtoto aliyedumaa, hana haki ya kukasirika?

Pili, Kant alikuwa na jirani ambaye hakumjua. Miaka mitatu tu baada ya kitabu chake, yaani mwaka 1793, alitokea Mjerumani mwingine aitwaye Christian Konrad Sprengel, akachapisha kitabu kueleza siri ya maua. Huyu Sprengel alikuwa mwalimu mwenzetu, mkuu wa shule katika mji wa Spandau karibu na Berlin. Mwaka 1787 alikuwa ameviona vinyweleo vidogo ndani ya ua la mwituni, akajiuliza vipo kwa kazi gani. Akagundua kwamba huikinga mbochi isiharibiwe na mvua. Na mbochi ipo kwa ajili ya mdudu. Na rangi na mistari ya ua ni alama za kumwonyesha mdudu njia. Kwa maneno mengine, ule uzuri tuuonao si wetu. Ni barua iliyoandikiwa nyuki, nasi tunaisoma begani mwake. Watu wa wakati wake hawakumjali. Alitumia muda mwingi porini hata akalaumiwa kuipuuza shule, na mwaka 1794 akaachishwa kazi. (Walimu wakuu wasomao makala haya wasiwe na wasiwasi, mimi bado nasahihisha madaftari.) Nusu karne ikapita kabla Darwin hajamsoma na kumpa heshima yake.

Ugunduzi huu wa Sprengel ulinigeuza mawazo kuliko falsafa ya Kant. Ikiwa uzuri wa ua ni neno analoambiwa mwingine, basi swali la nani ana haki ya ardhi halina watu wawili tu, mwenye njaa na mpenda maua. Linaye wa tatu ambaye hajaulizwa. Nyuki wa kienyeji huruka kilomita mbili, tatu na zaidi kutafuta chakula. Hajui nyua zetu. Asubuhi yumo katika kitalu cha wanafunzi, adhuhuri yumo katika maboga ya mama yule, alasiri yumo katika shamba la jirani wa tatu ambaye amepulizia nyanya zake dawa ya wadudu wakati zimechanua. Na huyo nyuki harudi mzingani. Hasara yake inahesabiwa wapi? Aliyepulizia dawa hakuvunja ua wa mtu, hakuiba, hakumtukana yeyote. Alilinda nyanya zake katika shamba lake. Sheria za maadili tulizorithi zinajua vema kumhukumu mtu aliyemwingilia jirani yake. Hazijui sana la kusema juu ya mtu aliyetulia ndani ya mipaka yake na bado akamfikia kila mtu.

Nimetumia neno *ua* kwa maana mbili katika aya moja, na walimu wenzangu bila shaka wameliona. Naomba ruhusa ya kutoka nje ya njia kidogo, ingawa sitakwenda mbali. Darasani kwangu wanafunzi wa Kinyarwanda hupata taabu na neno hili. Ua hili, wingi wake maua, ni chanuo la mmea. Ua huu, wingi wake nyua, ni kizuizi kizungukacho nyumba. Tena kuna kitenzi chenye mzizi huohuo kwa sauti, ambacho ukimwamuru mtu nacho unasema *ua!*, nacho ni kutoa roho. Ni upatanisho wa kisarufi peke yake unaoyatenga hayo mawili ya kwanza, na ni mahali pa neno katika sentensi panapotuepusha na la tatu. Mara moja msichana mmoja wa kidato cha pili aliandika ubaoni sentensi ya mazoezi, kisha akaifuta kabla sijaisoma yote, akasema, "Samahani mwalimu, sipendi neno hili." Sikumwuliza zaidi. Katika Nyundo hakuna haja ya kuuliza.

Mimi nilikuwa mtoto mwaka 1994. Lakini mtu yeyote aliyesoma historia ya mauaji ya kimbari yaliyofanywa dhidi ya Watutsi anajua lugha iliyotumiwa na walioyapanga. Kuua kuliitwa kazi. Kuliitwa kufyeka vichaka. Watu wazima na watoto wao waliitwa magugu, na ikahimizwa kwamba magugu yang'olewe pamoja na mizizi. Hata umuganda, ule msaragambo wa jamii ambao ulifanywa mpango wa taifa mwaka 1974, jina lake lilitumiwa kuwakusanya wauaji. Hapa Nyundo watu walikimbilia uwanja wa kanisa katika siku zile za Aprili, na hapo hapo wakauawa. Lugha yote ile ilikuwa lugha ya bustani. Nalisema hili kwa sababu sisi ni walimu wa lugha, na kwa sababu kila nikishika jembe pamoja na wanafunzi na kusema "ng'oeni magugu", nasikia mwangwi ambao wao, Mungu awajalie, hawausikii.

Kwa muda nilifikiri kwamba dawa ni kuyakwepa maneno hayo. Sasa naona sivyo. Gugu ni mmea ulioota mahali ambapo mwenye bustani hakuutaka. Ugugu haumo ndani ya mmea, umo katika nia ya mwenye bustani. Wanafunzi wetu wamejifunza jambo hilo kwa macho yao. Walipoanza, walifyeka kila kitu kisichokuwa na jina kwenye orodha yao. Jirani mmoja, mzee mfuga nyuki, akawaonyesha kwamba majani yale waliyoyaita takataka ndiyo yaliyokuwa yakichanua wakati ambapo maua yao ya kununua yalikuwa bado vijiti, na nyuki wote walikuwa huko. Tangu hapo hawang'oi kitu kabla hawajauliza kinaitwaje na nani anakitembelea. Ni desturi inayochelewesha kazi mno. Mimi naiona kuwa sehemu bora ya elimu waliyoipata mwaka ule, bora kuliko ngeli nilizowafundisha.

Nirudi kwenye umuganda, maana hapo pana jambo jingine linalohitaji kusemwa wazi. Baada ya 1994 umuganda ulirudishwa ukapewa sura mpya, na sheria ya mwaka 2007 iliwataka watu wa umri wa miaka 18 hadi 65 kushiriki, kwa desturi Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, asubuhi. Asiyeshiriki bila sababu aliweza kutozwa faini isiyozidi faranga 5,000. Usafi wa miji na barabara za Rwanda unasifiwa na kila mgeni, na sehemu kubwa ya sifa hizo imetokana na asubuhi hizo. Je, mema yafanywayo kwa amri ni mema? Wanafunzi wangu hulijadili hili kwa moto mkali. Wengine husema tendo la hisani halina hisani likiwa na faini nyuma yake. Wengine husema njia haijui kama aliyeifagia aliifagia kwa hiari. Mimi huegemea upande wa hawa wa pili kwa habari ya mifereji na madaraja, maana maji ya Sebeya hayangoji tukomae kimaadili. Lakini kwa habari ya uzuri huegemea upande wa kwanza. Mfereji uliochimbwa kwa amri unapitisha maji. Ua lililopandwa kwa amri, ili mgeni mkubwa apite na kulitazama, hukauka wiki moja baada ya mgeni kupita. Tumeliona hilo katika nchi zote za Afrika Mashariki, na hakuna haja ya kutaja mji.

Na sisi walimu hatuna usafi wa kuwanyoshea wengine kidole. Tunafanya nini mwanafunzi anapochelewa? Tunampeleka bustanini. Akisema darasani, bustanini. Akikosa kuvaa soksi, bustanini, akamwagilie maua ndoo kumi. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mnamo Machi 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya elimu yenyewe, mahali ambapo mwanafunzi na mwalimu hufikiri na kufanya kazi pamoja. Sidhani aliota kwamba shamba hilo lingegeuzwa kuwa gereza dogo la saa moja. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe niliwaadhibu watoto kwa maua. Kisha nikawashangaa watu wazima wapitao mbele ya ua bila kugeuka. Tangu niwe mlezi wa kikundi kile nimeacha, na nimegombana na wenzangu wawili katika chumba cha walimu kwa sababu hiyo. Wanasema sasa nimewaachia wao watoto watundu, nami nimechukua walio wema. Kuna ukweli kiasi katika lawama yao.

Lakini swali la mama bado halijajibiwa, na ingawa nimezunguka sana sikulisahau. Nimelipeleka mpaka kwenye chanzo cha mto wetu. Msitu wa Gishwati, ambao ndio uliokuwa ukiyapokea maji ya mvua na kuyaachia polepole, ulikuwa na hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki hekta mia sita hivi. Sehemu ilikatwa kwa miradi mikubwa ya malisho ya ng'ombe iliyobuniwa na wataalamu wenye shahada, na sehemu ikakatwa baada ya 1994 na watu waliorudi katika nchi yao wakiwa hawana pa kulala wala pa kulima. Hao wa pili ningewalaumuje? Kila mmoja alikata miti michache apande viazi awalishe watoto. Kila mmoja aliuuliza mti swali lilelile la mama, na mti haukuwa na jibu, maana hakuna apikaye msitu. Sasa msitu uliobaki Gishwati pamoja na ule wa Mukura umekuwa hifadhi ya taifa, na miti inarudishwa milimani, na matuta yanachimbwa. Maji hayo yaliyoingia nyumbani kwetu Mei 2023 hayakuletwa na ukataji peke yake. Mvua ile ingeitisha milima yoyote. Lakini mlima usio na miti huna cha kuyashikia.

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali "tutayapika?" ni swali la haki kabisa likiulizwa na mtu mmoja juu ya kitalu kimoja, na kwamba swali hilohilo, likiulizwa na kila mtu juu ya kila kitalu kwa miaka hamsini, huleta mto mlangoni. Na aliyeuliza si mwovu hata mara moja katika hiyo miaka yote. Sijui falsafa yenye jina la hali hiyo. Najua tu kwamba haifai kumwambia mama mwenye njaa kwamba yeye ndiye mwenye kosa, na haifai vilevile kumwambia mtoto kwamba kila kisicholika ni anasa.

Nilimtafuta mama yule wiki mbili baadaye. Nilimkuta barabarani akitoka sokoni, nikamwamkia, nikamwambia kwamba siku ile nilikuza mambo. Haragwe lake halihitaji nyuki wangu. Akaniangalia kwa mshangao, kama mtu asiyezoea mwalimu kurudi kusahihisha kazi yake mwenyewe. "Hilo nalijua, mwalimu," akasema. "Maharagwe nimelima tangu utotoni." Kisha akaniuliza kama ukingo wa bustani, upande wa jua, una mtu. Nikamwambia hauna.

Alipanda maboga. Wanafunzi walipinga mwanzoni, kwa sababu mashina ya boga hutambaa na hayaheshimu vitalu, na mwenyekiti wa kikundi, kijana mwenye bidii na ukali kidogo, alikuwa amechora ramani yenye rangi. Tulibishana jioni mbili. Mwisho ramani ilibadilishwa, si kwa kura, bali kwa sababu maboga yalikuwa yamekwisha vuka mpaka wakati sisi tukibishana. Yalichanua maua makubwa ya manjano, mapana kama kiganja, yakayashinda maua yetu yote kwa uzuri, na nyuki wakahamia huko alfajiri.

Juma la kwanza la kuchanua maua yote yalianguka pasipo kuacha tunda. Mama alikuja akayaokota machache, akaniletea darasani, akaniuliza ikiwa ni dawa ya jirani iliyoua nyuki. Nikamwita yule msichana wa kidato cha pili, ambaye siku hizi ndiye mwandishi wa kikundi, aeleze. Akalipasua ua moja kwa ukucha, akamwonyesha mama vumbi la chavua lililonata kidoleni, akamwambia kwamba haya ni maua dume, hutangulia siku kadhaa, nayo huanguka yote. Yale ya kike yanakuja nyuma, na utayajua kwa kiboga kidogo kilicho chini ya ua. Mama akakitazama kidole cha mtoto kwa muda mrefu. Kisha akauliza ni siku ngapi.